Sura ya Nne: Vumbi la Mzee Sitaki

Kila asubuhi Kitinda alifagia ua kuelekea uzio wa waya, na kazi hiyo haikuwa nyepesi. Ua wao uliteremka kwenda bondeni, na mtu yeyote mwenye akili timamu angefuata mteremko akamaliza mapema, akaenda kukoka moto wake. Yeye alifagia kupanda, mgongo umepinda, vumbi likimrudia usoni. Amri ilikuwa ya baba yake, na baba yake ndiye yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Sitaki.

"Vumbi lote liende kwao," alisema siku paneli za kwanza za umeme wa jua zilipofungwa ng'ambo ya waya, na tangu hapo hakubadili neno. Alitoka na kigoda chake, akaketi mlangoni, akasikiliza upepo unaelekea wapi, kisha akampa bintiye ishara kwa kidevu. Sasa. Kitinda akasukuma ufagio, vumbi likainuka, likavuka waya, likatua juu ya vioo vya paneli. Mzee Sitaki akatabasamu kama mtu aliyepokea wageni wazuri.

Ng'ambo ya waya lilikuwa shamba la umeme wa jua, kubwa hivi kwamba ukisimama uani kwao hukuona mwisho wake. Kampuni ilipokuja kukodi ardhi, wenye mashamba wote walikubali isipokuwa mmoja. Basi waya ukazungushwa, ukamwacha katikati na kijia kimoja cha kutokea barabarani. Watu wakasema Mzee Sitaki amebaki kama kokwa ndani ya tunda.

Alikuwa amesimama mkutanoni, mbele ya wakubwa na wadogo, akaapa kwamba vioo vile vitafukuza mvua, vitaunguza nyasi, na ng'ombe watapofuka. Mvua haikusikia kiapo chake. Chini ya paneli kivuli kilishika unyevu, nyasi zikaota mpaka magotini, na kondoo wa majirani wakaruhusiwa kuingia kuzila zisizidi. Makorongo yaliyokuwa yakiila ardhi ile tangu enzi za babu yakaanza kufunga midomo. Waya ulikuwa umeinuliwa kidogo kutoka chini ili sungura wapite, na ndege wakijenga viota kati ya safu, wafanyakazi waliwazunguka kama mtu anavyozunguka mtoto aliyelala. Zahanati ikapata jokofu la chanjo lisilozimika. Bomba likatoa maji hata kiangazi. Mashine ya kusaga ya shangazi yake Kitinda ikaacha kukohoa moshi.

Kiwanja cha Mzee Sitaki peke yake kikabaki kikavu kama kisigino. Korongo lake halikufunga mdomo. Kila masika lilisogea, na sasa lilikuwa linachungulia zizi la ng'ombe. Alikataa waya wa umeme usiingie kwake. Jioni taa za jirani zikiwaka alitundika blanketi dirishani, akawasha kibatari, akakohoa. Unga wake ulisagwa mbali, kwenye mashine ya dizeli, na aliyebeba gunia kichwani ni Kitinda. Mtu mwenye kiburi hakosei peke yake. Hukosea pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Lakini liko jambo moja ambalo mzee hakulipigia hesabu. Kioo kikichafuka hakitoi umeme wa maana. Kwa hiyo safu ile ya mwisho, iliyopakana na ua wake, ilihitaji mtu wa kuiosha kila siku.

Mtu huyo alikuja na tangi lililokokotwa na trekta dogo, mpira wa maji begani, na brashi yenye mpini mrefu kama mlingoti. Alikuwa mgeni, kijana mrefu mwenye buti za mpira na kicheko cha polepole. Wenzake walimwita Mwoshaji, na jina likamkaa.

Kitinda naye hakuwa mtu wa maneno. Mgeni akija, yeye alikimbilia jikoni. Mama yao alifariki Kitinda angali mdogo, na shangazi aliyemlea alizoea kusema kwamba msichana huyu hata akikanyagwa mguu ataomba samahani yeye. Siku ya kwanza alipomwona Mwoshaji ng'ambo ya waya, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu mchangani.

"Dada," kijana alisema, "hili vumbi lenu. Nawarudishia."

Akafungulia maji. Yalishuka juu ya kioo, yakawa ya kahawia, yakadondoka kutoka ukingo wa chini, yakapita chini ya waya, yakaja taratibu mpaka kwenye vidole vya miguu ya Kitinda. Alicheka. Yeye mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake.

Ndivyo yalivyoanza. Yeye alipeleka vumbi, Mwoshaji akarudisha maji. Siku zilivyokwenda walibadilishana na mengine: habari, utani, kimya. Mwoshaji alimweleza jinsi alivyoacha kwao akifuata kazi, jinsi anavyokizunguka kiota kilicho mguuni pa safu ya tatu, jinsi asivyopenda siku za mvua kwa sababu mvua humnyang'anya kisingizio cha kuja. Wenzake walimtania kwamba paneli za upande ule zitachubuka kwa kuoshwa. Na pale maji yalipopita, upande wa kwao, pakaota ukanda wa nyasi uliofuata waya mwanzo hadi mwisho. Mbegu zilikuja na maji, hakuna aliyezipanda. Kitinda alizikata kila jioni, akampa ng'ombe wao Madoa, na Madoa akashukuru kwa ndoo.

Mzee Sitaki alijisifia maziwa yale barabara nzima. Alisema yeye ana ng'ombe anayekamuliwa kiangazi kizima bila msaada wa vioo vya mtu. Alipouliza nyasi zinatoka wapi, Kitinda alisema, "Huko," na kunyoosha mkono. Mkono ulielekea bondeni, na baba akaridhika.

Hayo yote yalidumu mpaka siku moja. Siku hiyo Mzee Sitaki alitoka kwa mlango wa nyuma kutafuta kamba ya Madoa, akawaona. Hawakuwa wakifanya neno. Kidole kimoja kilikuwa kimeshika kidole kimoja ndani ya tundu la waya, basi, na maji yalikuwa yakimwagika bure kutoka kwenye mpira ulioachwa chini. Mzee hakusema kitu. Alirudi ndani, na huko kunyamaza ndiko kulikomtisha bintiye.

Jioni hiyo walikaa watatu. Shangazi alikuwa amepita kuleta unga, kama alivyofanya mara kwa mara kwa siri, na aliposoma nyuso za wenyeji wake aliketi bila kukaribishwa. Blanketi lilikuwa dirishani. Kibatari kilikuwa katikati ya meza, na mbele ya mzee kikombe cha maziwa ya moto.

Mzee Sitaki alianza mbali. Alieleza jinsi alivyowalea watoto wake bila kumwinamia mtu. Akaja karibu. Akauliza ni nani yule anayeosha madirisha ya watu, nani alimleta, ukoo wake uko wapi, na ataishi na mke ndani ya tangi la maji? Shangazi akasema angalau ndani ya tangi kuna maji. Mzee akamwambia dada yake kwamba mambo haya hayamhusu. Kisha akashusha neno lenyewe.

"Mwisho wa wiki unakwenda kwa kaka yako. Utakaa huko mpaka akili ikurudie."

Kaka yake aliishi safari ya siku nzima kwa basi. Kitinda aliwahi kwenda mara moja. Aliukumbuka ukuta mrefu, chumba kimoja, na wifi anayehesabu vijiko.

"Siendi," akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo sana, hata shangazi akamwuliza amesemaje.

"Nimesema siendi, shangazi."

Mzee Sitaki aliweka kikombe chini. Maishani mwake neno la kukataa alikuwa amelitumia sana, lakini hakuwahi kulipokea.

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu, baba. Nimenyamaza muda mrefu ukadhani sina sauti." Akaelekeza mkono dirishani, kwenye blanketi. "Unauliza nani alimleta yule kijana. Mimi sikumwita. Wewe ndiye uliyemwita. Kila asubuhi ulinipa ufagio, ukanionyesha upepo, ukasema vumbi liende kwao. Likienda, yeye ni lazima aje. Angekuwa anaosha safu nyingine huko mbali, nisingemjua hata sura."

Shangazi alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Haikujulikana kama anacheka au anaomba dua.

"Usinibebeshe mzigo wa upumbavu wako," mzee alisema.

"Basi nikubebeshe ulio wako. Hayo maziwa unayokunywa."

"Maziwa yamefanya nini?"

"Madoa hali nyasi za bondeni. Bondeni hakuna hata jani, nenda kaangalie. Anakula za kwenye waya. Zimeota kwa maji wanayooshea vioo. Kiangazi chote unakunywa shamba la jua, baba, na unalisifia barabarani."

 Utambi ulitoa mlio mdogo. Mzee Sitaki alikitazama kikombe kama mtu aliyeona jicho ndani yake likimtazama. Kisha akakisukuma kwa kidole kimoja, polepole, mpaka kikafika upande wa dada yake.

"Kuanzia leo nakunywa chai ya rangi," akasema. "Na mwisho wa wiki unaondoka."

Shangazi akayanywa yale maziwa, maana si vizuri kumwaga.

Kesho yake Mzee Sitaki hakutoka na kigoda. Ufagio ulibaki umeegemea ukuta, vumbi likatulia uani, na vioo vya safu ya mwisho vikang'aa kama maji ya mtungi. Mwoshaji alikuja hata hivyo. Aliosha kilicho safi. Kitinda alipita na mundu wake kama anayekwenda kukata nyasi, akapiga magoti karibu na waya, akamweleza yote akiwa ameangalia chini.

Mwoshaji aliacha brashi. Kitinda hakuwahi kumwona amekasirika. Sasa taya lake lilikuwa limekaza na macho yake mazuri yamekuwa mekundu. Akasema ana chumba cha kupanga karibu na lango la wafanyakazi, kina kitanda na taa. Akasema mzee akilala jioni ya leo, Kitinda atoke kwa kijia, yeye atamngoja barabarani, na kesho wakiamka wako wawili na hakuna wa kuwatenganisha.

Kitinda alimtazama. Alitamani kusema ndiyo, na tamaa hiyo ilimjaa kifuani. Alikijua kile chumba ingawa hakuwahi kukiona. Alikuwa amekifagia moyoni mara nyingi.

"Hapana," akasema.

"Hunipendi?"

"Nakupenda mpaka nimeanza kujibu wazee. Lakini mimi si kuku wa kuibwa jioni. Nikitoka kwa kujificha, baba atasema vioo vilimwibia mtoto, na safari hii atakuwa amesema kweli. Atakufa nalo. Sitampa zawadi hiyo."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Njoo mchana. Pita langoni kwenu, zunguka, shika kijia, ugonge mlango. Uniombe."

Mwoshaji alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mzee wako atanitoa na panga."

"Basi utatoka ukiwa ulishaingia. Mwanamume mzima unaogopa mzee mwenye ufagio?"

Neno hilo lilimchoma, Kitinda akaliona likimchoma, na hakulirudisha. Kijana aliinama akaokota brashi yake. Alisema kwao alikotoka aliwahi kufukuzwa mlangoni mwa watu mbele ya mtaa mzima, naye aliapa hatasimama tena mlangoni kwa mtu akiwa ameshika kofia. Kisha akawasha trekta akaondoka bila kuaga. Maji yaliyobaki kwenye vioo yaliendelea kudondoka upande wa Kitinda, tone kwa tone, kama mtu anayetaka kusema kitu akakosa pa kuanzia.

Kitinda alikata nyasi mpaka mundu ukagonga jiwe. Alikuwa amemkatalia baba yake, sasa amemkatalia na mpenzi wake. Kwa mtu aliyezoea kuomba samahani akikanyagwa, hilo lilikuwa kubwa. Alingoja majuto yaje. Yalikuja machozi tu, na machozi hayakuwa na majuto ndani yake.

Siku ya kuondoka ikafika. Shangazi alikuja mapema, amevaa nguo ya safari ingawa yeye hasafiri. Begi la Kitinda lilikuwa mlangoni, limefungwa na baba yake mwenyewe, kamba imezungushwa mara nyingi kupita kiasi. Mzee Sitaki alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkononi kikombe cha chai ya rangi ambacho alikuwa akikinywa kama dawa. Alikuwa amekonda uso. Usiku korongo lilikuwa limemega tena ukingo, na asubuhi walikuta nguzo moja ya zizi inaning'inia hewani.

Kitinda alitoka ndani. Shangazi akanyoosha mkono kumsaidia begi. Kitinda akaliruka begi, akaenda ukutani, akachukua ufagio.

Alianza kona ya jikoni. Alifagia kama hajawahi kufagia. Siku kadhaa ua ule haukuguswa, na vumbi lilikuwa limelala nene. Akalikusanya, akalipandisha mteremko, akangoja upepo kama alivyofundishwa, na ulipokuja akalirusha. Liliinuka jekundu, likavuka waya, likafunika safu ya mwisho mpaka vioo vikafanana na udongo.

"Unafanya nini?" baba yake aliuliza.

"Ulichonifundisha."

"Acha."

"Kwa nini niache, baba? Ulisema vumbi lote liende kwao." Hakugeuka. Alifagia tena, likainuka tena. "Ukisema niache, umeacha kupigana nao. Ukisema niendelee, atakuja kuosha. Chagua wewe. Mimi nimeshachagua. Basi lile sipandi. Ukinifunga kamba kama hilo begi, nitafagia nikiwa nimefungwa."

Shangazi aliketi juu ya begi. "Mdogo wangu," akamwambia nduguye, sauti yake ya chini, "kama ulitaka mtoto mwoga, usingempa jina lako nyuma ya lake."

Mzee Sitaki aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Alitazama vumbi. Alitazama nguzo ya zizi inayoning'inia, kisha ule ukanda wa kijani pembeni mwa waya, mahali pekee katika ardhi yake yote ambapo udongo ulikuwa umeshikana. Madoa alikuwa ameinamisha kichwa pale, anakula bila aibu.

Ng'ambo ya safu walisikia trekta. Likakaribia, likasimama, injini ikazimwa. Mwoshaji akatokea kati ya vioo, lakini safari hii hakuwa na brashi wala mpira. Alikuwa na shati lililopigwa pasi, jeupe, na buti zake zilikuwa zimeoshwa mpaka ndani. Kitinda aliona shati lile, ufagio ukamlegea mkononi. Macho yao yakakutana juu ya waya, na hakuna hata mmoja aliyeyashusha.

Kijana alivua kofia. Akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Shikamoo, baba."

 Mzee Sitaki alisimama kutoka kwenye kigoda chake, viungo vikilia.

"Salamu ya kwenye waya siitikii," akasema. "Sitaki binti yangu aongeleshwe kwenye matundu kama mfungwa. Nyumba hii ina mlango."

Mwoshaji alibaki amesimama, hajaamini masikio yake. Kisha akarudisha kofia kichwani, akageuka, akaanza kutembea kufuata waya kuelekea lango kuu. Alitembea kwa haraka, kisha akakimbia, shati jeupe likionekana na kupotea kati ya safu za vioo.

Lango lilikuwa mbali. Shamba lile kulizunguka kwa miguu si mchezo. Shangazi aliinuka juu ya begi, akaanza kufungua zile kamba zote, akilalamika kwamba hajui aliyezifunga alikuwa anafunga nguo au fahali. Kitinda alikuwa angali pale pale, ufagio mkononi, hajui alie au acheke, vumbi limemjaa nyusi.

Baba yake alipita karibu naye akielekea ndani kuvaa shati. Mlangoni akasimama, mgongo umewageukia.

"Mgeni anakuja," akasema. "Bandikeni chai."

Shangazi akauliza kama aweke ile yake ya siku hizi.

Mzee Sitaki alikohoa. Alitazama kizingiti, kisha akatazama juu.

"Sitaki chai ya rangi," akasema, akaingia ndani.

Kitinda akaegemeza ufagio ukutani, akachukua ndoo, akamfuata Madoa penye nyasi.